Laptopu mupya, antivirusi gani?

Barua za wasomaji na majibu

Mwezi huu barua za mashini na virusi zimekuwa nyingi, nimetosha tatu zenye zinasemea wengine. Ya kwanza nitakawia nayo sana, juu karibu kila mutu mwenye kununua laptopu hapa Lubumbashi anapita mule mule.

SWALI

Yambo yaya. Niko mwanafunzi, namaliza masomo pale Kasapa, kampusi ya chuo kikuu. Papa amenilipia laptopu mupya ya dola 420, iko na Windows 11. Tangu siku ya kwanza kuna McAfee inanitokea kwenye ekra, inasema umebakiza siku 21, kisha hauna ulinzi tena. Muuzaji anataka niongeze dola 35 aniwekee antivirusi ya mwaka moja. Rafiki yangu wa homu, nyumba ya wanafunzi, anasema hapana, yeye ataniwekea ya kukraki, yaani yenye imevunjwa kufuli ili usilipe, pamoja na Office. Na mega zangu za intaneti ni za kupima, siwezi kudaunlodi vitu vikubwa. Nichague gani? TFC yangu, kazi ya kumaliza masomo, yote iko mule.

JIBU

Yambo mudogo wangu. Hongera kwa mashini, na umushukuru papa, dola 420 haziokotwi.

Kitu yenye muuzaji hakukuambia ni kwamba antivirusi uko nayo tayari. Iko ndani ya Windows yenyewe, inaitwa Microsoft Defender, hailipishwi hata falanga moja, haina siku ya kuisha, na ni vile tangu Windows 8 ya mwaka 2012. Sasa juu ya nini hauioni? Juu McAfee imekalia kiti chake. Windows ikiona antivirusi ingine imeingia, Defender inajitoa pembeni yenyewe, maana antivirusi mbili kwenye mashini moja zinaanza kukamatana zenyewe kwa zenyewe na mashini inakuwa nzito, kufungua Word tu inakuwa kazi ya kungojea.

Ile McAfee yako ni ya kujaribu. Kampuni za antivirusi zinapatana na wenye kutengeneza laptopu, programu inakuja imeshawekwa, kisha inakuhesabia siku ili uogope ulipe. Siyo virusi, na siyo programu mbaya, lakini haukuiomba. Ingia kwenye mipangilio ya Windows, mahali pa programu, uitafute jina lake, uitoe, uzime mashini na kuiwasha tena. Ikisharudi, angalia chini mukono wa kuume karibu na saa, bonyeza kale kamshale kadogo kenye kuangalia juu, utaona ngao ya buluu. Ikiwa na alama ya kijani, Defender imerudi kazini. Ikiwa na njano ao nyekundu, bonyeza pale pale, itakuonyesha yenyewe ni kitu gani kimezimwa. Hakikisha ulinzi wa muda wote umewashwa, na ule wenye kuzuia programu zingine zisiguse mipangilio ya Defender, na huo pia usiuzime. Kuna kingine, kiko ndani sana na kinakuja kimezimwa: ulinzi wa folda juu ya virusi zenye kufunga faili na kuomba feza. Uwashe. Mara ingine utaona programu yako ya kawaida imekatazwa kuandika kwenye Documents, hapo unairuhusu kwa mukono mara moja tu, ni usumbufu kidogo lakini kwa mutu mwenye TFC yake yote iko kwenye mashini moja mi naona inafaa kabisa.

Watu watakuambia kitu ya bure haiwezi kuwa nzuri. Kuna maabara mbili zenye zinafanya tu kazi ya kupima antivirusi, AV-TEST ya Magdeburg kule Ujerumani na AV-Comparatives ya Innsbruck kule Austria. AV-TEST inatoa mpaka alama 6 kwa ulinzi, 6 kwa wepesi wa mashini, 6 kwa kutokusumbua mwenye kutumia, na miaka hii Defender inapata mara nyingi 6 ya ulinzi sawa na zile za kulipa. Lakini nikuambie na upande wake wa udhaifu, maana kwetu huku unatuhusu: sehemu kubwa ya akili yake iko kule kwenye seva za Microsoft, bila intaneti inashika virusi chache kuliko antivirusi zingine kama Bitdefender, vipimo vya AV-Comparatives vinaonyesha vile. Kwa hiyo mutu mwenye kukaa wiki nzima bila mega huku anachomeka flashi za watu kila siku, huyo nikimuona analipa Bitdefender ao ESET siwezi kumukataza. Wewe mwanafunzi, mwenye kupata wifi mara kwa mara, usilipe.

Sasa njo nafika kwa rafiki yako wa homu, na hapa nakuomba unisikilize vizuri.

Mi mwenyewe nilipita mule. Ilikuwa 2020, nilihitaji programu ya kuchora mabango ya arusi, fundi moja akaniletea ya kukraki kwenye flashi, akasema zima antivirusi kwanza itasumbua, nikazima. Programu ikafunguka vizuri, nikafurahi, nikalala. Asubuhi picha zote ziko na ikoni nyeupe, hazifunguki, kila faili imeota mukia wa herufi nne nyuma ya jina lake, arusi ya dada yangu, picha za mama akiwa bado na nguvu, kazi za wateja za miezi, zote. Na mu kila folda kuna kafaili kamoja kanaitwa _readme.txt. Nikafungua. Kanaanza kwa kusema usiwe na wasiwasi, unaweza kurudisha faili zako zote. Kisha bei: dola 980, na ukiwaandikia ndani ya saa 72 wanakupunguzia nusu, 490. Nilikaa mbele ya ile ekra mpaka muchana bila kunywa hata chai.

Ile virusi iko na jina, STOP ao Djvu. Haikuwa inatafuta mabanki, ilikuwa inatafuta watu kama sisi, wenye mashini moja ya nyumbani, na mulango wake mukubwa ulikuwa ule ule: programu za kukraki na vidude vya kuamsha Windows. Mwaka 2019 kampuni moja inaitwa Emsisoft ilitoa dawa ya bure kwa aina zake za zamani, ya kwangu haikuwa mo. Sikulipa, maana hata ukilipa wezi hakuna mwenye kukupa uhakika, na zile picha mpaka leo zimebaki vile. Kama kuna musomaji mwenye imemufikia, aangalie kwanza kwenye No More Ransom, tovuti yenye Europol, polisi ya Ulaya, na polisi ya Uholanzi walianzisha 2016 pamoja na kampuni za usalama, dawa zote mule ni za bure, ila siyo kila virusi iko na dawa.

Na KMSPico, kidude cha kuamsha Windows na Office bila kulipa, yenye karibu kila fundi wa mashini anatembea nayo, mwaka 2021 watafiti wa Red Canary, kampuni ya usalama wa mashini, walieleza vile kopi zake za uongo zinaingiza CryptBot, mwizi wa maneno ya siri na wa pochi za sarafu za kidijitali. Ukiangalia, zote zinaanza na neno moja: zima antivirusi. Ukishaizima kwa mukono wako, ikuwe ya bure ao ya dola 35, haina tena kazi pale. Na kuweka antivirusi yenyewe ya kukraki ni kumuita mwizi akubadilishie kufuli.

Kwa Office, chukua LibreOffice, ni bure, inafungua na kuandika faili za Word, ni mega 300 na kitu, daunlodi kwenye tovuti yao yenyewe siku uko na wifi. Kama profesa anataka Word kabisa, Word ya kutumia ndani ya brauza Microsoft anaitoa bure ukiwa na konto.

Mambo ya mega naelewa, tunanunua kwa kuhesabu. Lakini usizime mizajuru, wenzetu wa Kenya na Tanzania wanaita apdeti. Tarehe 12 Mei 2017 virusi moja, WannaCry, ilienea mu inchi zaidi ya 150 kwa siku chache, hospitali za Uingereza zikarudisha wagonjwa, na dawa ya lile tundu Microsoft alikuwa ameshaitoa tangu 14 Machi, karibu miezi miwili kabla. Wenye waliumia ni wenye hawakuiweka. Fanya hivi: ukiwa na mega za simu, iambie Windows kwamba koneksio ni ya kupimwa, iko mule mule kwenye mipangilio ya wifi, itaacha kudaunlodi vitu vizito, ukiwa na wifi ya shule ao ya rafiki, uitoe ile alama, uache mashini imeze kila kitu hata kama ni saa nzima. Na kama wiki inapita hauna wifi, Microsoft anaweka kwenye tovuti yake faili moja inaitwa mpam-fe.exe, njo chakula cha Defender. Mutu moja kwenye homu anaidaunlodi, anawapitishia wengine kwa flashi, unabonyeza mara mbili na imekula. Mukipatana watu kumi, hakuna mwenye ataumia mega.

Zile dola 35 usizirudishe mufukoni. Nunua disiki ya inje ao flashi mbili nzuri, kila ijumaa jioni weka TFC mule, kisha uitoe kwenye mashini. Uitoe kabisa, usiiache imechomekwa, juu virusi kama ile yangu inafunga na kila kitu chenye imekuta kimechomekwa. Kopi ingine ujitumie kwa email, TFC ni mega chache tu.

Na kitu ya mwisho. Windows 11 za sasa, ukiingia na konto ya Microsoft, mara nyingi zinafunga disiki kwa ufunguo wa siri bila kukuuliza. Ni vizuri sana, mwizi akichukua laptopu kwenye basi hawezi kusoma kitu. Lakini siku fundi anagusa vitu vya ndani mashini inaweza kukuomba ufunguo wa tarakimu 48, na kama hauna, umefungiwa inje ya mali yako. Ingia leo kwenye konto yako ya Microsoft, utafute ule ufunguo, uandike kwa kalamu kwenye karatasi, uweke pamoja na diploma yako ya Serikali.

SWALI

Yambo. Niko na sekreteria ndogo, kaduka ka kuandika na kuprinti, hapa Katuba, mashini mbili na emprimante moja. Wateja wanakuja na flashi, wanasema mama nitoshee hii kurasa tano, naifungua, folda zote zimekuwa rakursi, vile vinjia vya mukato vyenye kamshale. Wengine wananiambia ni mashini yangu njo yenye ugonjwa, wanaenda kuprinti kwa jirani. Nimeweka antivirusi mbili na bado. Nifanye nini, nanunua ya tatu?

JIBU

Yambo Mama. Hapana, usinunue ya tatu, na moja kati ya zile mbili uitoe leo, juu zinazuiana.

Niseme kwanza vile ile virusi inafanya, maana ukishaielewa hautaiogopa. Flashi ikifunguka angalia ikoni ya folda polepole. Chini mukono wa kushoto kuna kamshale kadogo, na ukiangalia saizi, folda yenye mteja anasema iko na picha mia mbili inaandika 1 Ko, saizi ndogo sana. Ile siyo folda. Folda ya kweli iko palepale pembeni, haikufutwa, imefichwa tu, na virusi imeweka ile ya uongo mbele yake ili ubonyeze. Ukibonyeza mara mbili inafungua ile ya kweli ili usishituke, na wakati ule ule inaingia kwenye mashini yako. Tangu pale kila flashi ya kila mteja inatoka kwako na ugonjwa. Kwa hiyo Mama, inaniuma kusema, lakini wale wateja wanaweza kuwa wanasema kweli.

Mambo haya ni ya zamani kuliko watoto wetu. Virusi ya kwanza ya mashini za PC, Brain ya mwaka 1986, ilitoka Lahore kule Pakistani na ilikuwa inatembea kwa disketi, mukono kwa mukono, vile vile flashi zinatembea leo kati ya Katuba na Kenya, ile komini ya hapa Lubumbashi.

Anza na mashini yenyewe. Chagua siku unajua umeme hautakatika, fungua Defender, kuna aina ya kupima yenye inazima Windows na kupima kabla haijaamka, virusi haipati nafasi ya kujificha. Inachukua kama dakika 15, usiiguse. Fanya kwa mashini zote mbili kabla haujachomeka flashi hata moja, ukifanya moja na kuacha ingine umefanya kazi ya bure.

Kisha kwa flashi ya mteja: ukiichomeka usibonyeze folda. Bonyeza mukono wa kuume juu ya jina la flashi, chagua kuipima. Ikisema imefuta kitu, mteja atashituka juu ataona flashi tupu, umutulize, faili zake ziko mo. Fungua lile dirisha jeusi la amri (cmd), kama flashi imepewa herufi E andika

attrib -h -r -s /s /d E:\*.*

halafu Enter, ungoje kidogo, folda zake zitatokea moja moja, za kweli safari hii, bila kamshale. Mi nimeshaona mama moja analia kwa furaha mbele ya ile dirisha, alifikiri picha za matanga ya bwana yake zimepotea, na zilikuwa mo wakati wote.

Na kama unaweza, ubadilishe namna ya kupokea kazi. Bandika kwenye mulango karatasi yenye namba ya WhatsApp na email ya sekreteria, uombe wateja watume PDF. Flashi zitapungua zenyewe. Ila hapo uangalie jina la faili mpaka mwisho wake: ikisema barua.pdf.exe siyo barua, usiifungue, umurudishie mwenyewe. Windows inapenda kuficha ule mukia wa mwisho, kwenye mipangilio ya folda kuna mahali pa kuiambia iuonyeshe, uifanye kwa mashini zote mbili.

Usijilaumu Mama. Sekreteria ni kama dispansari, wagonjwa wote wanapitia kwako.

SWALI

Yaya, niko Ruashi. Nilinunua laptopu ya okazyo, yenye ilishatumika, ilipitia Kasumbalesa kwenye mupaka wa Zambia, prosesa yake ni Core i5 ya kizazi cha sita, Windows 10, iko na Kaspersky ya kulipa bado miezi saba. Nasikia Marekani wameikataza Kaspersky. Niitoe?

JIBU

Ndugu, Marekani walikataza kuuzwa kwake na mizajuru zake mwaka 2024, na Ujerumani walikuwa wameshatoa onyo Machi 2022, woga wao ni kwamba kampuni iko Moscow na serikali ya kule inaweza kuilazimisha. Kampuni inakataa. Katazo la Marekani halifiki huku na Kaspersky kwa kushika virusi inajua kazi. Kwa laptopu ya nyumbani mi ningeacha miezi saba iishe kisha nirudi kwa Defender. Ungekuwa unafanya kazi ya serikali ao ya habari ningekuambia uitoe leo.

Lakini shida yako siyo Kaspersky. Ni Windows 10. Microsoft waliacha kuihudumia tarehe 14 Oktoba 2025, matundu mapya hayazibwi tena, na antivirusi haizibi tundu la nyumba, inakamata tu mwenye kuingia ikimuona. Prosesa ya kizazi cha sita haikubaliwi kwa Windows 11, wanataka kuanzia cha nane, fundi akikuambia atailazimisha ujue hakuna mwenye kukuhakikishia mizajuru. Microsoft walifungua muda wa nyongeza mpaka 13 Oktoba 2026, dola 30, ao bila kulipa ukikubali mipangilio ya mashini ihifadhiwe kwenye konto yao. Ukiwa bado ndani ya ule muda, ujiandikishe, iko mahali pale pale pa mizajuru.

Kisha ujaribu Linux Mint, mufumo mwingine wa kuendesha mashini mahali pa Windows. Ni bure, hauhitaji kukraki kitu, inaenda vizuri kwa mashini ya umri ule, na zile rakursi zenye zinamusumbua Mama wa Katuba hazifanyi kitu mule. Iweke kwenye flashi, uwashe laptopu kutoka kwa flashi bila kugusa disiki, uitumie siku mbili. Angalia kama wifi inashika na emprimante inatoa karatasi. Vikikubali, uhamishe faili zako kwa disiki ya inje kwanza, ndipo uiweke.